Maswali na majibu: vile vipande vyeusi juu na chini ya picha

Tangu niandike kuhusu projekta za bei nafuu, nusu ya ujumbe ninaopokea ni juu ya jambo hili moja. Nimechagua machache.

Chikongola, Mtwara: "Kaka, projekta ni mpya, lakini kila filamu inaacha kipande cheusi juu na kingine chini. Nibonyeze wapi picha ijae skrini?"

Usibonyeze popote. Filamu nyingi za sinema zimepigwa pana: upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Skrini yako, kama televisheni za siku hizi, ni 16:9, yaani mara 1.78. Ukiivuta picha kwenda juu, nyuso zinarefuka. Ukiikuza hadi ijae, pembeni panakatwa na unabaki na robo tatu tu ya filamu, na huko pembeni ndiko mwongozaji alikomweka yule anayesikiliza kwa siri mlangoni. Inaniuma kumwona mtu ametoa fedha ya korosho ya msimu mzima kununua projekta, halafu anaitupa robo ya kila anachotazama. Hivyo vipande si ubovu. Kinachotakiwa ni kuviziba.

Mitema, Lindi: "Kwangu vipande hivyo si vyeusi, ni vya kijivu. Niirudishe projekta dukani?"

Hapana. Hakuna projekta inayorusha weusi. Ikitaka kuonyesha cheusi inazuia mwanga wa taa yake, na hizi za bei zetu huvujisha kidogo kila mara. Mvujo huo ndio kijivu chako. Ukiufunika kwa kitu kinachomeza mwanga, jicho linapata weusi wa kweli wa kulinganisha, na picha nzima inaonekana imekolea ingawa projekta ni ileile.

Lakini anza na chumba. Sebule zetu nyingi zina dari nyeupe na kuta za rangi ya maziwa inayong'aa, kwa hiyo picha ikiwaka, mwanga unaruka darini na kurudi kwenye skrini. Funika dirisha, zima taa ya kibarazani, na ukiweza tandaza kitambaa cheusi darini, kuanzia penye skrini hadi mita moja mbele yake. Kuziba vipande huku taa ya jikoni inawaka ni kupoteza kitambaa.

Newala: "Kaniki itafaa? Au nitumie kitambaa cha buibui kilichobaki kwa fundi cherehani?"

Dada yangu, kaniki mpya ina wanga na inang'aa, tena nyingi ni buluu iliyoiva, si nyeusi. Ukiifua mara mbili tatu na kuikunja tabaka mbili, itakusaidia kwa kuanzia. Cha buibui kiache, kina mng'ao.

Kitu chenyewe ni bahameli nyeusi. Ukiwa dukani, washa tochi ya simu uimulike kwa mshazari. Inayofaa inaumeza mwanga, unabaki na doa hafifu tu. Isiyofaa inakurudishia mng'ao mweupe usoni. Kisha pitisha kiganja. Ukienda ni laini, ukirudi inakwaruza, kwa sababu ina vinyweleo vilivyolala upande mmoja. Hakikisha kwenye vibao vyote, yaani fremu utakazozivika bahameli ili kuziba vipande, vinalala upande uleule. Kibao changu cha chini nilikivika kinyume bila kujua, na kwa miezi kilionekana kimepauka kuliko cha juu, hadi nilipokibandua na kukigeuza.

Kwa skrini ya mita mbili, bahameli ya upana wa sentimita 150 ukinunua mita mbili na nusu unapata vibao vinne: viwili vya juu na chini, viwili vya pembeni. Seremala akuundie fremu nyepesi za mbao za moja kwa mbili, azigongee hadibodi, nawe uvike kitambaa kwa stepla upande wa nyuma. Asiyepata bahameli apake hadibodi rangi ya ubao wa shule, ambayo haing'ai. Rangi ya mafuta, hapana kabisa.

Masasi: "Skrini yangu ni kubwa kiasi. Vibao nivikate ukubwa gani?"

"Kubwa kiasi" si kipimo. Nimeomba tena na tena: mkiuliza, leteni sentimita. Pima upana wa picha yenyewe, si wa ukuta. Ugawe kwa 2.39, hapo una kimo cha filamu. Kitoe kwenye kimo cha skrini, kinachobaki ugawe kwa mbili.

Skrini ya upana wa sentimita 200 ina kimo cha 112.5. Filamu inachukua kama 84, kwa hiyo kila kibao kizibe 14 na ushei. Kikate 20, ziada ikae nje ya skrini. Tamthilia za 2:1 zinaacha sentimita sita tu juu na sita chini, na video za zamani za 4:3 zinaacha 25 kulia na 25 kushoto. Ndiyo maana kibao hakipigiliwi misumari. Kibane kwa velkro, kama ile ya viatu vya watoto, ili kisogee. Filamu za 1.85 zinaacha sentimita mbili, hizo usihangaike nazo.

Mikindani: "Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe. Msumari ukiingia, chokaa inamwagika."

Usiupige tena, ukuta huo ni wa thamani kuliko skrini. Ning'iniza kila kitu kwa kamba kutoka kwenye boriti za dari. Na kwa vile mko jirani na bahari, tumieni skrubu zisizoshika kutu. Mvua zikianza msiegemeze vibao ukutani, maana ukungu ukishaota kwenye bahameli hautoki vizuri.

Nachingwea: "Nina kibanda umiza. Jioni mpira, usiku filamu. Nani atapanda ngazi kila siku kubandika vibao?"

Hapandi mtu. Kibao cha juu kifunge kwenye kapi mbili na kamba moja iliyoshuka hadi kwenye kiti chako, na alama mbili za fundo: moja ya filamu, moja ya mpira. Mpira ni 16:9, kwa hiyo kibao kipandishwe chote kabla timu hazijaingia. Cha chini kinainuliwa kwa mkono.

Hukuniuliza, lakini nimeviona vibanda vya namna hii. Ukitafuta giza, usitundike turubai kwenye mlango wa pili wala kusogeza benchi mbele yake. Watu mia moja, jenereta nje, nyaya juu ya vichwa, na mlango mmoja: hapo ikitokea hitilafu watoto wa watu hawatoki. Kitambaa pia kikae mbali na matundu ya kupoozea projekta. Na projekta ifungwe imenyooka. Ukiipachika upande kisha ukanyoosha picha kwa rimoti, pembeni kunabaki mwanga wa kijivu ambao vibao havitaufunika wote.

Shangani, Mtwara: "Televisheni yangu ni ya OLED. Nayo niizibe?"

Hapana. Kila nukta ya hiyo inajiwakia yenyewe, na penye weusi inazimwa kabisa, kwa hiyo hakuna kijivu cha kuziba.

Lindi mjini: "Mwanangu, tangu nimeziba chini siyaoni maandishi ya tafsiri."

Shikamoo mzee wangu. Baadhi ya filamu huandika ndani ya kile kipande cheusi. Kama unatazamia programu ya VLC kwenye kompyuta, kwenye mipangilio ya maandishi kuna sehemu ya kuyapandisha. Yapandishe hadi yaingie ndani ya picha. Kama kifaa chako hakiruhusu, ondoa kibao cha chini kwa filamu hiyo na ubaki na cha juu.