Umemaliza chuo, una kazi, na bado unajiona mtupu: yangu yalikuwa hivi

Mkuu, swali lako mwaka 2019 ningelipa hela kumpata wa kunijibu.

Kwa ambao hawajalisoma vizuri: jamaa amehitimu miezi 8 iliyopita, kazi amepata, mshahara unaingia kwa wakati, lakini kila jioni anajikuta kajilaza anarudia tamthilia zilezile alizoangalia na wenzake hosteli. Anauliza kama ni ugonjwa, uvivu au kukosa shukrani. Wengine mmeshamwambia ashukuru, kuna wenye digrii wanazunguka na bahasha. Kweli wapo. Ila hakuuliza hilo.

Mimi nilihitimu 2018. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa ripoti: unapokea takwimu za idara nyingine, unazinyoosha kwenye Excel, unaandika kurasa mbili tatu, unampelekea bosi. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimeshaizoea. Kilichonishinda ni kalenda. Chuoni, uwe mvivu kiasi gani, muda unakuja umekatwakatwa: muhula unafunguliwa, testi ya kwanza, testi ya pili, mitihani, likizo. Ukiboronga muhula huu, kuna mwingine unakuja hauna doa. Tangu darasa la kwanza kila miezi michache kuna mtu alikuwa ananiambia hapa ndiyo mwisho, pumzika, tutaanza upya. Kazini nikaanza mwezi wa tisa, na moyoni nasubiri kufunga mwezi wa kumi na mbili, kama mwanafunzi. Kufunga kwenyewe kukawa siku mbili za sikukuu, ya tatu niko mezani. Nikitazama mbele naona Jumatatu tu zimepanga foleni hadi kustaafu.

Halafu hakuna anayesahihisha. Hili sikuwahi kusikia mtu analisema. Ripoti yangu kubwa ya kwanza niliihangaikia siku tisa, nikaituma saa kumi jioni. Jibu la bosi likaja: "Sawa." Na nukta. Usiku ule sikulala vizuri kwa sababu ya ile nukta. Sawa ya kuridhika au ya kuchoka? Mwalimu hata akikupa 42, unajua ni 42. "Sawa." ni ngapi?

Ndipo nikarudi kwenye Friends, ile tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani ya marafiki sita. Tulikuwa tunaiangalia hosteli watu sita kwenye laptopu moja, tukaimaliza mara mbili. Ya tatu niliianza peke yangu. Siku moja kazini, mambo yamepoa, nikafungua Excel nipige hesabu inanigharimu kiasi gani: misimu 10, sehemu 236, dakika kama 22 kila moja. Jibu ni saa 86 na ushee, karibu siku 11 za kazi. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akauliza, "Hizo 236 ni za idara gani?" Nikasema bado nazihakiki.

Baadaye nikaelewa kwa nini nilikuwa naingia mle. Kwanza, unajua kitakachotokea, na mtu anayeishi bila kujua mwezi huu umefaulu au umefeli, hiyo ni nafuu kubwa. Pili, mle ndani marafiki wapo muda wote. Siku ya kazi, mchana kweupe, watu sita wamejaa kwenye kochi moja wanakunywa kahawa. Nani yuko zamu? Nani ana kikao? Miaka 10 hiyo, 1994 hadi 2004! Nikiwa na miaka 23 nilikuwa naiangalia kama picha ya utu uzima, kisha nageukia simu yangu. Kundi letu la WhatsApp lililokuwa likipitisha meseji mia mbili kwa usiku mmoja sasa lilikuwa na heri ya kuzaliwa na viungo vya matangazo ya kazi. Nikahitimisha kwamba nimefeli kuwa na watu, wakati ukweli ni kwamba kilichokuwa kinatuweka pamoja ni ratiba na korido. Korido ilipoondoka, kila mtu akabaki na saa zake.

Kilichonitoa pale ni kitu cha kipuuzi. Aprili 14 mwaka 2019 msimu wa 8 wa tamthilia ya Game of Thrones ulianza, wa mwisho, sehemu 6, moja kila Jumapili usiku kwa saa za Marekani. Tulikuwa tumeshazoea kumeza msimu mzima kwa wikiendi, maana tangu 2013 Netflix walipoachia msimu wa kwanza wa House of Cards wote kwa mpigo, kusubiri wiki kulianza kuonekana ushamba. Huu ilibidi usubiriwe, na wiki 6 zile muda wangu ukapata viungo tena. Kuna kitu Jumatatu, kuna ubishi Jumanne, kuna kubashiri hadi Jumamosi.

Sehemu ya nne, ya Mei 5, wakasahau kikombe cha kahawa cha kisasa mezani, katikati ya karamu ya watu wa mapanga na ngozi za wanyama. HBO, wenye tamthilia, wakakiri, wakakifuta kwenye picha. Mimi nikaikata ile picha na kumtumia mtu niliyesoma naye, ambaye wala hatukuwa marafiki: tulifanya asaimenti moja ya kundi, basi. Nikaandika, "Hata huko kuna watu wanakimbizwa na deadlaini." Tukabishana hadi usiku wa manane. Msimu ukaisha Mei 19 (vibaya, na hapo sibadilishi msimamo), sisi tukaendelea. Mwezi wa saba akaniandikia kwamba ofisini kwao kuna mtu anaondoka. Hapo ndipo nilipo hadi leo.

Na si bahati tu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika kuhusu hili mwaka 1973, baada ya kuwahoji watu waliobadili kazi katika mji mmoja karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, kama asilimia 17 tu walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 28 hivi walimwona kwa nadra sana. Rafiki yako wa damu anajua yaleyale unayoyajua. Yule wa asaimenti moja anakaa kwenye habari nyingine. Kwa hiyo mkuu, usikazane kulifufua lile kundi la watu sita. Wewe mtumie picha ya kijinga mtu uliyekaa naye safu moja.

Kazi mpya haikuja na muhula, nimejikatia mwenyewe: kila baada ya miezi minne naandika ukurasa mmoja wa nilichofanya, nachukua siku mbili za likizo hata kama sina pa kwenda. Na bosi simuulizi tena "ikoje?" Namuuliza, "Ungekata aya ipi?" Mara ya kwanza alikata tatu. Nililala fofofo.

Tamthilia bado narudia. Ijumaa huwa tunapigiana na yule wa asaimenti, kila mtu kwake, tunahesabu tatu, mbili, moja, tunabonyeza pamoja. Intaneti yake ina kasi kuliko yangu, kwa hiyo kila utani namsikia anacheka sekunde kama nne kabla sijaufikia.