Kabla ya Kuchora Grafu, Peleka Majibu

Wanafunzi wa afya ya umma hunitafuta mara kwa mara wakitaka kuingia katika kazi hii ya ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza. Maswali yao karibu yote ni ya kompyuta: nijifunze programu ipi ya takwimu, ramani huchorwaje, cheti gani kitanifungulia mlango wa Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Hayo yote yanafundishika. Mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, yaani kuchunguza magonjwa palepale yanapotokea, yapo Kenya tangu 2004 na yametoa watu hodari sana. Mimi ninataka uje na kitu kingine, heshima kwa mtu anayejaza rejista. Kila namba tunayobishania mikutanoni ilianza kwa muuguzi aliyeshika kalamu huku foleni ikimngoja nje. Usipomjua huyo, hujui namba zako zimebeba nini.

Kwa hiyo siku zako za mwanzo usizimalizie ofisini. Nenda zahanati, omba rejista ya wagonjwa wa nje, keti nayo kwenye benchi uisome mstari kwa mstari. Nilipokuwa nikifuatilia vituo vya Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, safu ya makazi ilikuwa imeandikwa "Mukuru" kutoka juu mpaka chini ya ukurasa. Sasa Mukuru ni ipi? Kuna kwa Njenga, kuna kwa Reuben, kuna Viwandani, na nyumba hazina namba. Mtu wa kuhara akishapewa pakiti zake za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, akaondoka, humpati tena. Tukakubaliana na sista wa zamu kwamba kando ya jina la mtaa ataongeza mambo mawili: ploti inavyojulikana na majirani, pamoja na kanisa au steji iliyo karibu, halafu mahali familia inaponunua maji. Haikumchukua muda wowote wa maana. Baadaye ukurasa huohuo ukaanza kusema. Watoto kadhaa na mwanamume mzima, wote wanahara majimaji, ploti tofauti, kioski cha maji kimoja. Tulifuata bomba la kioski kile kwa miguu tukakuta limepita ndani ya mtaro wa majitaka, na kiungo chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Huyo mwanamume mzima ndiye aliyenifanya nisingoje. Watoto wadogo huhara kwa sababu nyingi, lakini mtu mzima anayehara majimaji mpaka anaishiwa nguvu kwa muda mfupi, mfikirie kipindupindu mpaka maabara ikukatalie. Vimelea vyake huweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache tu, au vikangoja hadi siku 5. Ukisubiri ripoti ya wiki ikamilike ndipo uinuke, waliokunywa maji yaleyale wameshaanza kuugua na kuambukiza nyumba zao.

Jambo la pili ni sifuri. Fomu ya kila wiki ya kuripoti magonjwa, MOH 505, hutaka kituo kiandike 0 pale ambapo ugonjwa haukuonekana. Wengi huacha nafasi wazi, na afisa mvivu huisoma nafasi hiyo kama sifuri. Usifanye hivyo hata siku moja. Nafasi wazi inaweza kuwa mgomo, inaweza kuwa fomu zimeisha, inaweza kuwa muuguzi pekee wa kituo yuko likizo ya uzazi. Piga simu uulize.

Polio ndiyo inayofundisha hili vizuri zaidi. Hatusemi "hakuna polio" kwa sababu tu hakuna aliyeripoti polio. Tunatafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla, kwa sababu yoyote ile, na tunachukua sampuli mbili za choo ndani ya siku 14 tangu alegee. Eneo lenye watoto 100,000 wa umri huo linatarajiwa kutoa angalau mtoto mmoja kwa mwaka aliyelegea kwa sababu isiyo polio. Eneo lisilotoa hata huyo mmoja halijathibitisha usalama wowote. Halitazami. Mwaka 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilipatikana katika majitaka ya Kamukunji, hapahapa Nairobi, bila mtoto yeyote wa Kenya kujulikana kupooza kwa virusi hivyo. Vilionekana kwa kuwa kuna watu waliokuwa wakichota yale maji machafu na kuyapeleka maabara hata katika vipindi ambavyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Sasa nije kwa lile ninalolisisitiza kuliko yote. Sista mmoja aliniambia, bila hasira, "Daktari, sisi hutuma tu. Hatujui huwa inaenda wapi." Alikuwa ametoa damu ya watoto wenye homa na vipele, akaipanga kwenye kisanduku cha barafu, akatafuta boda ya kuipeleka, tena nauli ikatoka mfukoni mwake. Majibu yalifika kwenye barua pepe za watu wa ofisini na yakaishia huko. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu majibu yale yalikuwa na kazi kwake kuliko kwetu. Baadhi ya watoto tunaowashuku surua hugeuka kuwa na rubela. Kwangu hiyo ni safu nyingine kwenye jedwali. Kwake, mwenye kliniki ya wajawazito mlango wa pili, ni habari nzito, maana rubela ikimpata mama katika miezi ya kwanza ya mimba inaweza kumharibu mtoto macho, masikio na moyo.

Basi jiwekee desturi: majibu yakifika, mpigie aliyetuma kabla hujafungua kompyuta kuchora chochote. Mpigie hata kama maabara haikupata kitu, tena hasa hapo, kwa sababu anayesikia kimya mara nyingi huacha kutuma. Mwambie ni nini, kimefanyika nini, afanye nini kesho. Vituo nilivyokuwa nikivipigia ndivyo vilivyokuja kunipigia mimi, fomu ikiwa bado haijajazwa.

Ukifika mtaani linda majina. Usiingie ploti na watu wanne wenye makoti meupe mkiuliza "mgonjwa wa kipindupindu anakaa wapi?" Mwenye nyumba anaweza kumfukuza mpangaji jioni hiyohiyo, na mgonjwa mwingine atajificha. Tangulia na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo. Yeye anajua mlango na anajua namna ya kubisha.

Na usiwasahau watu wa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu baada ya mvua kubwa na unaowapata watu pia, ilipozuka mwishoni mwa 2006 kule Kaskazini Mashariki na kuua zaidi ya watu 150 nchini, wafugaji walikuwa wameshaona kondoo na mbuzi wakitupa mimba kabla hospitali hazijashtuka. Nairobi inakula nyama inayotoka huko. Mvua kubwa ikinyesha kaskazini, pita machinjioni Kiamaiko na Dagoretti asubuhi na mapema, umtafute mkaguzi wa nyama, umuulize mifugo inayoingia ina hali gani, mpeane namba za simu.