Vyuma vyepesi navyo vinajenga misuli

Wapo wanaosema anayenyanyua vyuma vyepesi anapoteza muda. Hapana ndugu, hapotezi. Misuli hunenepa karibu sawasawa kwa uzito mdogo au mkubwa, mradi seti, yaani marudio yanayofuatana bila kupumzika, iendelee mpaka misuli inakaribia kugoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walilipima hilo mwaka 2012 kwa vijana wasio na mazoea ya mazoezi: baada ya wiki 10, miguu iliyofanya kwa asilimia 30 ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuinuliwa mara moja, hadi kuchoka, ilinenepa sawa na ile ya asilimia 80.

Nguvu ndiyo habari nyingine. Miguu ya asilimia 80 iliongeza zaidi uzito inaoweza kuinua kwa mara moja, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo hujifunza kazi unayoizoesha. Anayetaka nguvu anyanyue vizito, marudio 1 hadi 5, apumzike dakika 3 au zaidi. Hapo uchovu unamharibia.

Kwa hiyo kijana wa Kampala asiye na pesa ya jimu aanze na jerikani la maji la lita 20, ni kama kilo 20, na pushapu. Asimamishe seti mapema, abakize marudio 1 au 2 tu. Kujimaliza kabisa kila seti huongeza uchovu kuliko faida, hasa kwenye skwoti (kuchuchumaa na kuinuka). Ila uzito ukishuka hadi asilimia 20 hivi, ukuaji wa misuli hupungua hata ukichoka sana.