Normal People: Connell alishindwa kodi, hakushindwa kupenda

Ndugu mleta mada, umeandika kwamba riwaya ya mwandishi wa Ayalandi Sally Rooney, Normal People (2018), ilikuchosha kwa sababu wapenzi wake wawili vijana, Connell na Marianne, wanaachana na kurudiana kwa mambo ambayo sentensi moja ingeyamaliza, na ukauliza kama kuna msomaji wa huku kwetu aliyeona humo zaidi ya vijana wa Ulaya wanaodeka. Mimi niliisomea Mafinga, mkoani Iringa, na naona umempita haraka mtu mmoja muhimu, yaani Lorraine, mama yake Connell.

Lorraine ndiye anayefanya usafi nyumbani kwa akina Marianne, katika mji mdogo wa Carricklea, magharibi mwa Ayalandi. Riwaya inaanza Januari 2011, Connell akiwa amemfuata mama yake kazini, na anayemfungulia mlango ni Marianne. Kabla mapenzi hayajatajwa, tayari mmoja ni mtoto wa mwenye nyumba na mwingine ni mtoto wa anayepiga deki. Nimekulia Mufindi, kwenye mashamba ya chai, ambako mama yangu alifua na kupika kwa familia ya meneja mmoja, na binti wa nyumba ile nilisoma naye darasa moja. Darasani tulikuwa sawa, tena hesabu nilimzidi; lakini kila nilipokwenda kwao nilipita mlango wa jikoni, ingawa hakuna aliyewahi kunikataza ule wa mbele. Huku kwetu, ambako karibu kila ukoo una binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, hali hiyo haihitaji ufafanuzi.

Sasa rudi kwenye tukio lililokuudhi zaidi. Mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza Trinity College, mjini Dublin, Connell anapunguziwa saa za kazi mgahawani, hawezi tena kulipa kodi, naye anashindwa kumwomba Marianne wakae pamoja katika nyumba inayomilikiwa na bibi yake Marianne. Anamwambia kwamba kiangazi hicho hataweza kulipa kodi na itabidi ahame, lakini ombi lenyewe halitamki, Marianne anadhani ameachwa, na yanaishia hapo. Wewe umeuita ujinga. Mimi nasema kwamba mtu ambaye mama yake analipwa mshahara na familia ile hawezi kuomba malazi ya familia hiyohiyo bila kuhisi kwamba mapenzi yanageuka deni. Nilipokuwa chuo Iringa, boom (fedha za mkopo za kujikimu) lilipokata, wenzetu waliopanga mtaa wa Kihesa walioshindwa kodi walisema wanakwenda kumwuguza shangazi. Wapenzi wao waliokuwa wakiishi Gangilonga, mtaa wa wenye uwezo, waliamini, kwa kuwa kwao kukosa kodi halikuwa jambo la kufikirika. Baadaye Connell na Marianne wote wawili wanapata ufadhili wa masomo, na mwandishi anaonyesha wazi kwamba kwa Marianne ni heshima tu, ilhali kwa Connell ni chakula, chumba na uwezo wa kusafiri.

Sehemu ya Marianne akiwa Uswidi sikuipenda, na sina mengi ya kuisemea. Lawama yangu kubwa ni kwamba Lorraine anapewa nafasi ndogo mno baada ya vijana kuhamia Dublin. Huyu ni mama ambaye, aliposikia mwanawe amemwalika msichana mwingine kwenye sherehe ya kumaliza shule huku akiuficha uhusiano wake na Marianne, alishuka garini akaamua kupanda basi. Ningependa kujua alichokiwaza kila alipofuta vumbi katika nyumba ile, akijua yanayoendelea.

Kuhusu mwisho wa riwaya, hapo nakubaliana nawe kwamba sentensi moja ingetosha. Kufikia Februari 2015 Connell hana tena shida ya kodi, lakini alituma maombi ya kusoma uandishi New York bila kumwambia Marianne, hadi majibu yalipokuja. Ukimya huo siwezi kumtetea kwa umaskini wa kwao.