Dada wa Kisauni, koliasi hazinyweshwi maji ya kisima

Weka hiyo ndoo chini kwanza. Umeuliza chungu cha saizi gani, mbolea gani, maua yake yakatwe au yaachwe, halafu mwisho kabisa ukasema kwa kuwa mfereji hautoi kila siku utanywesha koliasi zako, hiyo mimea ya pambo yenye majani ya rangi, maji ya kisima cha ploti. Hapo ndipo roho iliponiruka.

Zangu ziliuawa na maji hayo hayo. Zilikuwa rangi ya damu ya mzee, ukingo wa kijani cha ndimu, mgeni hapiti barazani asiulize. Kwanza kingo za majani zikageuka kahawia, ukizishika zinavunjika kama kaukau. Majani ya chini yakaanza kupukutika. Udongo ukafanya utando mweupe juu, na vyungu navyo vikatoka unga mweupe kwa nje. Chumvi ya kisima ile, dada.

Nikampelekea jani yule muuza miche wa kando ya barabara. Hata hakuligeuza. "Mama, zina kiu hizo, ongeza maji." Nikaongeza ya kisima, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniambia tangu mwanzo maji ni maji. Chumvi ikijaa kwenye udongo mizizi haiwezi kufyonza, mmea unanyauka na huku udongo umelowa chepechepe. Kila ndoo niliyomwaga ilikuwa inazimalizia. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nyuma ya kibanda chake kulikuwa na mitungi ya maji matamu imepangwa, ndiyo anayonyweshea miche yake! Alijua. Aliniuzia nyingine na nyingine, na kila nikirudi ananipa jibu lile lile.

Usidanganywe na mnazi wa jirani wala bogonvilia lake. Hivyo vinavumilia chumvi. Koliasi haivumilii.

Maji usiyoweza kupikia chai usiipe koliasi. Basi. Nunua mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni, vyungu vichache utavinywesha siku kadhaa. Masika kinga ya paa. Kama nyumbani kuna eisi, yaani kiyoyozi, kinga yanayodondoka nje, hayo hayana chumvi. Na kama ulishaanza kumwaga ya kisima, mimina maji matamu kwenye chungu mpaka yatiririke chini, yaache yachuje, urudie tena, na yale yaliyobaki kwenye sahani uyamwage, usiyaache yakanywewa upya.

Zilizokwisha kuungua kingo, kata ncha za juu zilizo nzima, chini kidogo ya kifundo. Utaona shina lina pembe nne kama la mrehani, ni jamii moja. Toa majani ya chini, tia kwenye gilasi ya maji matamu mahali penye mwanga pasipo jua kali. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Ningeambiwa hili mapema ningeokoa ile damu ya mzee, sijaipata tena mpaka leo.

Barazani jua la asubuhi linatosha, la mchana wakati wa kaskazi linababua rangi.

Mkokoteni ukipita jioni msimamishe, lakini onja kabla hujalipa. Wapo wanaojaza kisimani na kukuuzia kwa bei ya maji matamu.