Mofini kwenye sindano ya mgongo
Dada, umeuliza kwa nini daktari wa usingizi anataka kumwongezea mdogo wako mofini, dawa kali ya maumivu, kwenye sindano ya mgongo atakapojifungua kwa upasuaji, na kama ni salama. Ni jambo la kawaida, na mimi naliunga mkono kabisa. Ganzi yenyewe, bupivakeini, huisha baada ya saa mbili tatu hivi, na hapo ndipo kidonda huanza kuuma kweli. Mofini hubaki kwenye maji ya uti wa mgongo na kutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24. Kipimo chake ni kidogo mno, mara nyingi mikrogramu 100 hadi 150, kwa hiyo kinachofika kwenye maziwa ya mama hakitishi. Fentanili, dawa nyingine ya jamii ya mofini, nayo huongezwa, ila hiyo husaidia zaidi wakati wa upasuaji wenyewe.

Huenda akawashwa, hasa puani na usoni. Hiyo si mzio, amwambie nesi apewe dawa. Kichefuchefu pia hutokea. La kuangaliwa kwa makini ni pumzi: mara chache sana mofini hupunguza kasi ya kupumua saa kadhaa baadaye, kwa hiyo wodini wamhesabie pumzi usiku kucha na naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini, iwe karibu. Kama mdogo wako ana tabia ya kukoroma hadi pumzi kukatika usingizini, au anatumia vidonge vya usingizi, aseme kabla ya kuingia thieta. Na vidonge vya maumivu atakavyoandikiwa avinywe kwa saa zake, asisubiri mpaka aumie.