Tezi lindo za kwapani: maswali yenu kuhusu saratani ya titi

Nina uvimbe wa sentimita 2. Daktari anataka kutoa tezi mbili tatu tu za kwapa. Zinazobaki je?

Majimaji ya limfu yakitoka kwenye titi hupitia kwanza tezi chache, ndizo tezi lindo, na seli za saratani zikisafiri kwa kawaida hunaswa humo. Zikiwa safi, za nyuma yake mara nyingi ni safi. Mara nyingi, si daima: katika utafiti wa Marekani uitwao NSABP B-32, kati ya wanawake ambao kwapa lao lilikuwa na saratani, karibu 10 katika kila 100 tezi lindo zao hazikuionyesha. Hata hivyo kukomba kwapa lote, yaani kutoa tezi zake zote, huacha wengi zaidi na mkono uliovimba, na uvimbe huo hauna dawa ya kuuondoa kabisa. Sharti ni kwamba kwapa lako, kwa kupapaswa na kwa ultrasaundi, halina tezi ya kutiliwa shaka.

Zinatafutwaje, na hospitali yetu ina rangi ya bluu tu?

Kuna dawa mbili, na zikitumika pamoja ni bora. Ya kwanza ni teknishiamu-99m, dawa ya mionzi hafifu ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa 6, hivyo hudungwa siku ya upasuaji au jana yake. Ya pili ni rangi ya bluu, mililita 2 hadi 5, inayodungwa karibu na chuchu mgonjwa akiwa tayari amelala kwa nusukaputi. Titi husuguliwa dakika 5, kisha kwapa hufunguliwa bila kuchelewa, maana rangi ikiachwa muda mrefu huvuka na kupaka tezi za nyuma yake. Daktari hufuata mfereji wa bluu hadi kwenye tezi, na kipima mionzi hulia kinapokaribia zile zenye mionzi. Hutolewa kila tezi ya bluu, na kila yenye mionzi inayozidi asilimia 10 ya ile kali kuliko zote.

Rangi peke yake inafaa mikononi mwa mzoefu, ila hukosa tezi mara nyingi zaidi. Na hapa ndipo wengi huteleza: tezi iliyojaa saratani huziba, rangi ikapita kando. Kwa hiyo tezi ngumu inayohisiwa kwa kidole hutolewa hata kama haina rangi.

Dada yangu alikojoa kijani baada ya upasuaji.

Ni rangi hiyo inatoka. Huisha kwa siku moja au mbili. Ngozi ya titi inaweza kubaki na doa kwa miezi. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, aseme mapema, kwa sababu methilini bluu, mojawapo ya rangi hizo, huweza kuzipasua chembe hizo. Mjamzito hapewi rangi hiyo. Anayetumia dawa za sonona naye aseme. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho hudanganywa na rangi, kikashuka kwa muda.

Tezi moja ikikutwa na saratani, zote zitolewe?

Si lazima. Utafiti wa Z0011 uliwahusu wenye uvimbe usiozidi sentimita 5 na tezi lindo 1 au 2 zenye saratani, waliotolewa uvimbe bila kukatwa titi, kisha titi likapigwa mionzi. Miaka 10 baadaye, walioachiwa tezi zilizobaki hawakuwa wamepungukiwa uhai kuliko waliokombwa kwapa. Aliyeanza na kemotherapi kabla ya upasuaji hahusiki na matokeo hayo. Kwake hutumika dawa zote mbili, na hutafutwa tezi lindo zisizopungua 3.